Sheria ndogo za ufugaji mijini: nani hasa ana kazi ya kubisha hodi kwenye banda la jirani?

Mleta uzi

Salaam kwenu wanajukwaa.

Naleta mada hii kwa sababu karibu kila mtaa wa pembezoni mwa Dar es Salaam ninaoufahamu una mgogoro wa mifugo, na karibu migogoro yote huenda kwa mtindo uleule. Jirani analalamika, mtendaji anaandika barua, mfugaji anakimbilia kwa diwani, mgambo wanafika alfajiri, na baada ya wiki chache mifugo imerudi bandani huku majirani wawili hawasalimiani tena. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, kwa hiyo mashauri haya nimeyasikiliza nikiwa nimekaa upande ule wa meza ambako wananchi hudhani ndiko kuliko na mamlaka. Ninachotaka kukisema ni kwamba sheria hatujapungukiwa. Tatizo ni kuwa zinasimamiwa na kila mtu na hazisimamiwi na yeyote, na anayezishika huanza na kilicho rahisi kuhesabu, yaani idadi ya vichwa, wakati kinachomuumiza jirani ni kinyesi, inzi na maji machafu.

Ufugaji mijini haukuingia kwa kificho. Mwaka 1974 na 1975, wakati wa upungufu mkubwa wa chakula, Serikali yenyewe iliwahimiza wananchi, wa mijini wakiwemo, kulima kila palipolimika katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hauwezi kuufikisha mwezi mwisho, watumishi wa umma walifuga kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa uani, tena wengine katika maeneo yenye viwanja vikubwa na majumba mazuri. Mipaka iliwekwa baadaye. Sheria ndogo za Jiji la Dar es Salaam za mwaka 1990 kuhusu wanyama zilimtaka mfugaji awe na kibali na awafungie wanyama ndani, na kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992, zilizotungwa chini ya sheria ya mipango miji ya wakati ule, zikaweka ukomo wa ng'ombe wanne kwa mtu mmoja, walishwe bandani bila kuchungwa nje. Hao ng'ombe wanne ndio waliobaki vichwani mwa watu mpaka leo, ingawa sheria mama ya mipango miji ilibadilishwa mwaka 2007.

Mamlaka nazo zimebadilika. Mwaka 2000 jiji liligawanywa kuwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye zikazaliwa Ubungo na Kigamboni, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Kila halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo zake, kwa hiyo mtu aliyejenga banda lake zamani anaweza kuwa amepitia mikono ya mamlaka zaidi ya moja bila yeye kuhama hata hatua moja. Ukimuuliza mtendaji anatumia sheria ndogo ipi, jibu la kawaida ni "sheria ya afya", na mazungumzo yanaishia hapo.

Jambo moja lieleweke vizuri, maana ndilo linaloleta vurugu nyingi. Mtaa hautungi sheria. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo na kuzipeleka halmashauri ya wilaya ili ziidhinishwe, lakini mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Sheria ndogo ya mjini huandaliwa na halmashauri, wananchi hupewa taarifa ili watoe maoni na mapingamizi, madiwani huipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, ndipo huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Mkutano wa mtaa ukiinua mikono na "kupiga marufuku nguruwe", kilichopatikana ni maoni ya mkutano. Nimeshuhudia maoni ya namna hiyo yakigeuzwa kuwa amri siku iliyofuata, na kwenye nguruwe hasa tukubali kwamba mara nyingi kinachozungumza ni imani ya watu, kisha afisa anatafutiwa neno "afya" la kuivalisha. Imani ya jirani yangu naiheshimu, na mfugaji mwenye busara angeizingatia anapochagua mahali pa kujenga, ila si kosa la jinai linaloweza kuandikiwa faini.

Barua ya mfugaji mmoja niliishika mkononi. Ilikuwa nusu ukurasa, imeandikwa kwa kalamu, muhuri umegongwa juu ya sahihi, na ilimwamuru "kuondoa mifugo yote katika makazi ya watu" ndani ya siku saba. Haikutaja sheria wala kifungu, na haikueleza angeweza kulalamika kwa nani iwapo hakuridhika. Nilipokwenda kuliona banda nilikuta sakafu ya zege imesafishwa, vihori havina masazo, nguruwe wamelala pakavu. Ila bomba la kutolea maji lilikuwa limeishia hatua mbili nje ya ukuta, na maji yenye rangi ya chai ya rangi yalikuwa yakitambaa kwenye njia wanayopita watoto wa shule mpaka kwenye karo la jirani. Kosa lilikuwa bomba, na fundi angelimaliza kwa siku moja. Barua ilizungumzia nguruwe, kwa hiyo nguruwe wakahamishiwa kwa shemeji yake kwa muda, bomba likabaki pale pale, na waliporudi maji yakaendelea kutambaa.

Nakaribisha michango, hasa ya waliowahi kufanya kazi katika halmashauri.

Mstaafu wa Ugani

Mleta uzi, heshima yako. Nimekuwa afisa mifugo wa kata kwa muda mrefu na sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kueleza upande wa ndani.

Ndani ya halmashauri suala hili lina wenyewe watatu wasioketi meza moja. Afisa mifugo anapimwa kwa uzalishaji na chanjo, kwa hiyo yeye anataka ng'ombe wawepo na watoe maziwa. Afisa afya, ambaye wengi bado wanamwita bwana afya, anapimwa kwa usafi, na ndiye anayeandika notisi ya kuondoa kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Afisa mipangomiji anatazama ramani na kusema kiwanja ni cha makazi, basi. Juu yao yupo mtendaji wa kata, ambaye anatakiwa kuwaunganisha, lakini siku zake zinamezwa na michango, mapato na ziara za viongozi. Mfugaji akija kwangu kuuliza kama anaruhusiwa kufuga, nilikuwa namweleza namna ya kujenga banda bora. Wiki iliyofuata mwenzangu wa afya alikuwa anampa notisi ya kulibomoa. Sote wawili tulikuwa kazini.

Hasara kubwa ya usimamizi wa kuvamia haionekani siku ile ya uvamizi. Mfugaji aliyewahi kuniona nimeongozana na mgambo haniiti tena mnyama akiugua. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na kinga yake ni kutoa taarifa mapema na kuzuia nguruwe kuhamishwa. Mtu anayejificha atafanya kinyume, atawauza haraka usiku ugonjwa ukiwa tayari umeingia bandani. Ng'ombe akitupa mimba, mwenyewe atanyamaza, na maziwa yataendelea kwenda kwa wateja wakati huenda ni brusela, ugonjwa unaompata binadamu kwa kunywa maziwa mabichi. Anayedhani amelinda afya ya mtaa kwa kuwatisha wafugaji awafikirie hao wateja wa maziwa.

Kuhusu ng'ombe wanne, naunga mkono hoja kwa hesabu. Ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekomaa hutoa samadi ya kilo 20 hivi kwa siku, mkojo na maji ya kuoshea banda havimo. Wanne ni kilo 80 kwa siku, zaidi ya tani mbili kwa mwezi. Kwenye ekari moja yenye migomba na majani ya malisho, samadi hiyo ni mali. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 ambacho nyumba imekwisha kula nusu yake, itakwenda wapi? Sheria inayohesabu vichwa inawaona hao wafugaji wawili kuwa sawa. Na kuku je? Mtu mwenye kuku 500 hana hata ng'ombe mmoja, lakini maranda yake yakilowa kwa sababu vinyweo vinavuja, amonia itakayotoka hapo itawashinda ng'ombe wanne waliotunzwa vizuri. Dawa yake ni ya kawaida: vinyweo visivuje, maranda yageuzwe na yaliyolowa yatolewe, banda lipitishe hewa juu, na samadi ifungwe kwenye viroba na kuuzwa kwa wanaolima mchicha mabondeni, ambao wanaitafuta.

Ndiyo maana nilipokwenda kukagua nilikuwa nauliza samadi inahifadhiwa wapi na inaondoka lini. Asiye na jibu hata kama ana mbuzi wawili ana tatizo.

Jirani wa Ukuta Mmoja

Nimewasoma kwa makini, na naona mnazungumza kana kwamba sisi tunaolalamika ndio chanzo cha mgogoro. Naomba niwaeleze inavyokuwa ukiwa upande wa pili wa ukuta.

Dirisha la chumba cha watoto halijafunguliwa tangu banda lile lijengwe. Chakula kinafunikwa kabla hakijafika mezani. Nilianza kwa kumwendea mwenyewe kwa adabu, kwa sababu ni mtu mzima na tunaitana kaka na dada. Alinipa lita moja ya maziwa na kunihakikishia kwamba atarekebisha. Nilipokwenda ofisi ya mtaa niliambiwa nilete malalamiko kwa maandishi, nikayaleta, na kabla ya jua kuzama mfugaji alikuwa analijua jina langu na maneno niliyoandika. Baadaye nilielewa kwa nini. Maziwa yanayonywewa pale ofisini yanatoka kwenye banda hilohilo.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba mgogoro umalizwe "kwa ngazi ya mtaa, kwa mazungumzo", namuuliza mazungumzo na nani. Mwenyekiti anahitaji kura, na mfugaji ana ndugu wengi kuliko mimi mpangaji. Mgambo mnaowashutumu ndio peke yao waliowahi kufika na kufanya chochote. Sikupenda walivyofanya, walimburuta mbuzi mpaka akachubuka goti, lakini kwa wiki zile chache nililala dirisha likiwa wazi. Nikubaliane na mleta uzi kwamba kosa ni bomba na wala si nguruwe. Basi anieleze ni nani atakayelisimamia hilo bomba, maana kumuandikia mtu notisi ni kazi ya dakika tano, ila kurudi baada ya siku kumi na nne kuangalia kama ametekeleza sijaona anayeifanya.

Mwana wa Kaunti

Wadau wa Tanzania, hapa Kenya tumelipitia hilo na bado tunalipitia, ila mpangilio wetu ni tofauti kidogo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao, utoaji wa leseni za mbwa ukiwemo, na pia kazi ya kudhibiti kero za umma. Kilimo na ufugaji navyo viko chini ya kaunti. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kumsukumia mwenzake mzigo kwa kusema ni wa serikali kuu.

Nairobi ilikwenda mbele zaidi. Kwa miaka mingi kulima na kufuga ndani ya jiji kulichukuliwa kuwa uvunjaji wa sheria ndogo unaovumiliwa tu, na askari wa jiji, ambao hadi leo tunawaita kanjo, walivumilia kwa bei. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini; angalieni kwamba katika jina lake kukuza kumetangulia kusimamia. Kampala walikuwa wamewatangulia Nairobi, kwani baraza la jiji lilikuwa na sheria ndogo zake za mwaka 2006, mojawapo ikihusu mifugo na wanyama wanaofugwa nyumbani, ambazo zilimtaka mfugaji awe na kibali. Sitawadanganya kwamba harufu imekwisha katika miji hiyo. Tofauti ni kwamba mfugaji mwenye kibali ana kitu cha kupoteza, na afisa ana karatasi ya kurejelea. Kule ambako kila mfugaji ni mvunja sheria kwa kuwepo tu, afisa anachagua atakayemkamata, na mnajua uchaguzi huo hufanywa kwa vigezo gani.

Bibi wa Ukuta Mmoja ana hoja juu ya jina lake kufichuliwa. Malalamiko yangepelekwa kwa afisa wa afya wa halmashauri moja kwa moja, aje kukagua nyumba zote za kichochoro kile kana kwamba ni ukaguzi wa kawaida. Hata mwenye banda hatajua ilianzia wapi.

Mpita Njia

Swali fupi. Mgambo walinikuta na mbuzi watatu, nikatoa elfu hamsini, wakaondoka. Hiyo ni faini au ni nini?

Mleta uzi

Ndugu Mpita Njia, hiyo si faini. Utaratibu unaofahamika ni kwamba mtu anayekubali kosa lake kwa hiari huruhusiwa kulififilisha, yaani kulipa kiasi kilichowekwa na sheria ndogo ili asifikishwe mahakamani, pale ambapo sheria ndogo yenyewe inaruhusu hivyo. Malipo yanakwenda kwenye akaunti ya halmashauri kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na unapewa stakabadhi yenye jina lako na aina ya kosa. Usipokubali kosa, una haki ya kupelekwa mahakamani ukajitetee. Fedha iliyotoka mfukoni mwako ikaingia mfukoni mwa mtu haijaingia serikalini, na ndiyo sababu walirudi, kama walirudi.

Kuhusu mbuzi aliyechubuka goti, watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimhusu mwenye mnyama peke yake. Mnyama aliyekamatwa na halmashauri anahitaji maji, malisho na kivuli, na anayemshikilia ndiye mwenye wajibu huo kwa wakati ule. Nimeona mbuzi wakifungwa kwenye nguzo ya bendera nyuma ya ofisi tangu asubuhi mpaka mwenye mali apatikane, jua lote likiwa juu yao. Halmashauri isiyo na zizi la kuhifadhia mifugo isianze operesheni ya kukamata mifugo.

Dada wa Ukuta Mmoja, swali lako ndilo gumu kuliko yote na sitalikwepa. Usimamizi ninaouona unaweza kufanya kazi ni wa notisi inayotaja kasoro yenyewe, kwa mfano "bomba lipelekwe kwenye shimo lililofunikwa", inayotaja kifungu, yenye muda wa kutekeleza na tarehe ya afisa kurudi iliyoandikwa humo humo, na nakala yake apewe aliyeathirika. Tarehe ikiwa imeandikwa kwenye karatasi uliyonayo mkononi, huhitaji kumbembeleza mtu. Unakwenda ofisi ya kata na karatasi yako na kuuliza kwa nini hajafika. Halafu afisa mifugo na afisa afya waende pamoja, wapime pamoja, wasaini karatasi moja. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Linahitaji mkuu wa idara mmoja kumpigia simu mwenzake.

Mstaafu wa Ugani

Naongeza jambo moja kabla halijasahaulika, kwa sababu uzi umejaa ng'ombe na nguruwe: mbwa. Katika malalamiko ya wanyama niliyoyapokea, mbwa waliofunguliwa usiku walikuwa wengi, na hao ndio wanaoua. Takribani vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa hutokana na kung'atwa na mbwa, na chanjo ya kila mwaka inazuia. Hata hivyo sijawahi kuona operesheni ya mgambo ikianza kwa kuuliza kadi ya chanjo ya mbwa wa mwenye nyumba kubwa yenye geti. Inaanza kwa mama mwenye mbuzi.

Jirani wa Ukuta Mmoja

Hiyo ya mbwa nakubaliana nayo kabisa. Na hiyo notisi yenye tarehe ya kurudi nitaiomba kwa maandishi wiki hii, nione watasemaje. Ila mleta uzi hajamaliza. Mfugaji akipewa notisi, akarekebisha wiki mbili, akarudia, akapewa nyingine, mchezo utaendelea mpaka watoto wangu wahitimu. Kibali chake kinafutwa na nani?

Mleta uzi

Kinafutwa na aliyekitoa. Kibali cha kufuga ndani ya eneo la mji ni cha halmashauri, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa hawezi kukifuta, na wala hawezi kumlinda mtu ambaye halmashauri imekifuta chake. Peleka nakala za notisi zote kwa Mkurugenzi, ziambatanishe kwa mpangilio wa tarehe, na uombe upewe majibu kwa maandishi. Kwanza kabisa, lakini, ulizia kama mtu huyo ana kibali. Kwa wafugaji niliowasikiliza mimi nikiwa kwenye kamati, waliokuwa nacho walikuwa wachache mno, na hakuna ofisa aliyewahi kuanza na swali hilo.